Mjadala: Daftari la ushirika limo ndani ya programu ya DOS. Emuleta tupakue iliyo tayari au tuijenge wenyewe?

fundi_kikwajuni (mwenye mada)

Assalaam alaykum wana baraza. Nina jambo, tulijadili bila kuvunjiana heshima.

Kuna ushirika mmoja wa akiba na mikopo huko Pemba, jina nalihifadhi. Tangu miaka ya tisini daftari la wanachama limo ndani ya programu ndogo ya DOS, mfumo wa kompyuta za zamani: nani kaweka, nani kakopeshwa kabla ya mchumo wa karafuu, nani bado anadaiwa. Aliyeiandika kahama zamani na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, hakumwachia mtu. Mwaka jana kompyuta yenyewe, ile ya skrini ya chogo, ikafa. Diski ikapona. Kijana wa ofisini akatafuta mtandaoni emuleta ya DOS, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani, akabofya kiungo cha kwanza alichokiona, akasakinisha. Daftari likafunguka, watu wakapiga makofi. Wiki ya pili, kila ukifungua kivinjari yanamwagika matangazo ya kamari, na feni inavuma kutwa hata kama hapana kazi inayofanywa. Nikaitwa mimi. Emuleta ilikuwa ya kweli, ila aliyeifungasha aliongeza vyake.

Hoja yangu ni hii. Kompyuta inayoshika pesa au kumbukumbu za watu, iwe ya ushirika, ya skuli au ya kituo cha afya, isiwekewe programu huria ambayo hapana mtu hapa visiwani aliyewahi kuijenga kutoka msimbo chanzo. Sisemi ijengwe kila siku. Ijengwe walau mara moja, na aliyeijenga aandike alichofanya. Ule ushirika niliwajengea QEMU, emuleta huria. Ni kazi aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard, akaitoa mwaka 2003, na leseni yake ni GPL: msimbo upo wazi, ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuujenga unayo mkononi. Haki hiyo tunayo zaidi ya miaka 20 na tunaikalia kama jamvi.

Haya, semeni.

Mchuuzi wa Darajani

Fundi, wewe una wasaa. Mimi nina kibanda. Mteja ananiletea laptop saa nne asubuhi, anaitaka alasiri kabla hajapanda gari ya shamba. Nimwambie subiri naikompaili, yaani naijenga kutoka msimbo? Atakwenda mlango wa pili.

Na bando nani analipa? Furushi la msimbo wa QEMU peke yake linazidi megabaiti 100, na hapo bado limebanwa. Ongeza kompaila, programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa, ongeza maktaba zake, vile vipande vya watu wengine inavyovitegemea. Halafu umeme. Sisi wa Unguja hatujasahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu waya wa baharini umekufa na mji mzima unanuka dizeli. Siku hizi hatukai giza miezi, lakini kukatika unakatika, na utakatika ukiwa umefika asilimia tisini. Hizo ni kazi za watu wa Ulaya wenye umeme wa kumwaga.

bintiWete

Kaka Mchuuzi, la umeme nikujibu mimi kwa sababu limenifika.

Nilijenga QEMU nyumbani, Wete, kwenye laptop ya ramu giga 2. Kosa langu la kwanza niliandika `./configure`, amri ya kuandaa ujenzi, kavu. Ukifanya hivyo inajiandaa kujenga emuleta ya kila mashine inayoijua: ARM, MIPS, PowerPC, SPARC, msururu mzima. Ya nini yote hayo? Mtu anataka PC kuukuu tu. Nilipoongeza `--target-list=i386-softmmu`, kazi iliyokuwa inataka kuniweka macho usiku kucha ikawa nimeianza baada ya magharibi, na isha imeadhiniwa imebaki kidogo.

La pili, ikasimama ikidai haimwoni ninja. Nikacheka peke yangu chumbani, mama akauliza kulikoni. Kumbe Ninja ni programu ndogo inayoipangia kompaila zamu. Tangu toleo la 5.2, la Disemba 2020, QEMU hujengwa kwa Meson na Ninja, ijapokuwa wewe bado unaandika `make`, amri ya kujenga, kama zamani. Nikaiweka. Ikasimama tena: haioni glib, moja ya zile maktaba. Naangalia, glib ipo! Nusu saa nzima nagombana na kompyuta. Tatizo ni kwamba nilichokuwa nacho ni glib ya kuendeshea programu, si ile yenye mafaili ya kujengea. Kwenye Debian, mfumo huria wa kompyuta wa jamii ya Linux, hiyo jina lake huishia na `-dev`. Hapa ndipo wengi wanapofunga kompyuta wakaenda kulala, na hapa pia ndipo mwelekezaji mmoja tu wa Kiswahili angetuokolea watu wengi.

Sasa huo umeme. Ulikatika kweli. Uliporudi nikaandika `make`, ikaendelea ilipoachia, haikuanza moja. Mwisho kabisa, kwenye kuunganisha vipande, ikagoma: kuna faili halitambuliki. Nikalitazama, faili la `.o`, yaani kipande kilichokwisha kukompailiwa, lina baiti sifuri. Umeme ulikwenda kabla diski haijalimeza. Nikalifuta hilo moja, `make` tena, ikamaliza. Bando ni sababu, nakubali. Umeme si sababu.

Mzee wa Baraza

Emuleta ndiyo nini? Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya lahaja ya hapa Unguja halafu tunaokota maneno barabarani. Semeni kiigizi. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wapo, waulizeni.

Mwalimu wa Jioni

Mzee, kiigizi nimekitumia darasani. Kijana mmoja akaniuliza kama ni kile cha mchezo wa kuigiza. Nimerudi kwenye emuleta.

Naunga mkono hoja ya fundi, ila mimi sababu yangu si usalama. Vijana wanaokuja kwangu wana vyeti vya kompyuta, na wanachokijua ni kubofya endelea, endelea, maliza. Likitokea kosa wanazima na kuwasha. Bintiwete hapo juu kasoma kosa, kalitafuta, kalikuta ni faili tupu, kalifuta. Hilo hulipati kwenye cheti.

Kitambaa Cheupe

Mnazungumza kama kwamba msimbo ukiwa wazi basi umeshatiwa udhu. Mimi kazi yangu ni seva, naomba niwatie maji baridi.

Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta kwa mbali, kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angeshika mambo yake. Yeye akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubania mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ameusaidia mradi ule zaidi ya miaka miwili mpaka akakabidhiwa funguo. Sasa sikilizeni ujanja wenyewe: hati iliyouamsha mlango haikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huitazama. Ilitiwa kwenye furushi la kupakua tu, katikati ya hati za ujenzi, zile ambazo hapana mtu anayezisoma. Wafungashaji wa Debian na wa RPM, aina ya vifurushi vya mifumo mingine ya Linux, watu wanaoijua kazi, walikompaili kutoka msimbo, na mlango ukajijenga mikononi mwao.

Hebu tazama tena hilo furushi la QEMU ulilolipakua, Fundi. Jina lake linaishia na `.tar.xz`.

Na kompaila uliyoitumia umeijenga kwa kompaila gani? Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alilisema hili mwaka 1983 kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta: kompaila inaweza kupandikiza mlango ndani ya programu ya kuingilia, na ikajipandikiza yenyewe kila inapojengwa upya, na kwenye msimbo usione kitu.

bintiWete

Kitambaa, nimesoma habari ya xz na mimi. Mlango ule ulikuwa unakagua kama unajengwa kwa ajili ya kifurushi cha Debian au cha RPM. Usipokuwa hivyo unanyamaza. Kwa hiyo aliyekompaili kwake kwa `./configure` na `make` alisalimika.

Kitambaa Cheupe

Alisalimika kwa sababu mwizi hakuwa na haja naye.

Na kuna jambo hamjaligusa. Mei 2015 lilitangazwa tundu la QEMU lililopewa jina VENOM. Lilikuwa kwenye msimbo wa disketi, floppy, tangu 2004, miaka 11 wazi mbele ya macho ya dunia nzima. Siku lilipozibwa, aliyeweka QEMU kwa `apt`, kisakinishi cha Debian, aliletewa kiraka pamoja na viraka vingine, hata jina la tundu hakulijua. Aliyejijengea alibaki na tundu lake mpaka akumbuke kujenga tena. Fundi, ule ushirika uliachwa yatima na aliyeandika programu. Unataka uachwe yatima mara ya pili na aliyekompaili? Ukipata kazi Dubai kesho, nani atakayewajengea?

Mimi ningewawekea Debian, kifurushi cha Debian, basi. Kile kimejengwa kutoka msimbo, kina saini, na kina watu wanaokitunza. Kosa la yule kijana halikuwa kutokukompaili. Kosa ni kubofya kiungo cha kwanza.

Mchuuzi wa Darajani

Leo Kitambaa kanisemea. Narudi kibandani.

mchumaKarafuu

Samahanini wakubwa, mimi si mtu wa kompyuta, lakini ni mwanachama wa ushirika kama huo. Nasoma tangu juu, sijaona mtu aliyeuliza: kwa nini msilihamishe hilo daftari kwenye kitu cha leo mkapumzika? Mkarafuu ukizeeka tunaatika mche mwingine, hatukai kuufunga bandeji.

fundi_kikwajuni

Mchuma, umeuliza swali ambalo ningelianza nalo, na nililianza. Mafaili yao ni ya dBase, programu ya zamani ya kuhifadhia data. LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inayafungua, majina na tarakimu zote zinaonekana kwenye jedwali. Kilichonishinda ni hesabu. Mkopo wa 1997 ulipangwa kwa kanuni iliyomo ndani ya programu, na programu haina msimbo. Naona alichokopa, naona alicholipa, sioni kwa nini programu inasema kabaki na kiasi fulani na si kingine. Mzee akija na risiti yake ya karatasi akisema mmenionea, nimwonyeshe nini? Lazima programu ile ile iendeshwe, itoe hesabu ile ile. Ndiyo maana tukahitaji emuleta.

Nilijaribu DOSBox, emuleta nyingine, mwanzo. Nzuri, nyepesi, lakini walioiunda waliilenga michezo na wanasema hivyo wenyewe. Nilipofika kwenye kuchapisha tukaachana. Kwa QEMU niliweka FreeDOS, mfumo huria uliokuwepo tangu 1994, ili tusiburure nakala ya DOS ambayo leseni yake hapana anayejua ilipo. Kisha nikaiwasha kwa `-parallel file:ripoti.txt`. Programu inadhani inachapisha kwenye ile printa ya sindano ya zamani, kumbe maandishi yanaingia kwenye faili. Bi mkubwa wa hazina alipoiona ripoti ya wanachama wote imetoka bila ile kelele ya printa, akaniambia niipeleke mbele ya mwanga aone kama ni ya kweli.

Kitambaa, mengi uliyosema sina jibu lake. La viraka umenishinda, na nimeshabadilisha: mashine ya ofisi sasa inaendesha QEMU ya kifurushi cha Debian. Ile niliyoijenga ipo kwenye diski ya pembeni, nimeziwasha zote mbili juu ya daftari moja, ripoti zikafanana herufi kwa herufi.

La yatima silikubali. Wewe unaona nikienda Dubai wamekwisha. Lakini angalia tofauti: mwandishi wa kwanza alipoondoka aliondoka na msimbo kichwani. Mimi nikiondoka, furushi la msimbo lipo, faili la saini lipo, na orodha ya amri nilizoandika ipo. Vyote viko kwenye flashi ndani ya kasha la hazina, pamoja na hati ya kiwanja. Debian hainilindi na siku mtu akisema toleo hili halifanyi kazi tena kwenye mashine mpya, tufanyeje. Msimbo na mtu aliyewahi kuujenga ndiyo wanaonilinda.

Kitambaa Cheupe

"Mtu aliyewahi kuujenga" hapo ni wewe mmoja. Orodha ya amri aliyoiandika mtu mwenyewe huwa imerukwa yale anayoyaona ya kawaida. Nimeziona nyingi. Mstari wa kwanza unasema "andaa mashine", na siku tatu zinapita hujajua mashine inaandaliwaje.

bintiWete

Basi tuijaribu. Jumamosi nashuka Chake, na laptop yangu ile ile ya giga 2, Debian mpya haina kitu. Nipewe flashi na hiyo karatasi. Fundi asipokee simu yangu. Nikimaliza, Kitambaa utanyamaza. Nikikwama, nitapiga picha mstari nilipokwama na kuiweka hapa kila mtu aione.

Mwalimu wa Jioni

Naomba nije na wanafunzi wawili wakae kando waangalie. Hawatasema neno.

fundi_kikwajuni

Karibuni. Simu nitaizima tangu asubuhi. Karatasi iko ndani ya bahasha ya kaki, mwambieni bi mkubwa awape. Mstari wa sita umemwagikiwa chai, lakini unasomeka.