Naomba ushauri: siku nne Matema pamoja na mama mzazi na watoto wawili

Mwalimu wa Mafinga

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Likizo ya Juni nimekusudia kumpeleka mama yangu mzazi, ambaye sasa ana miaka 71, akalione Ziwa Nyasa, kwa kuwa maisha yake yote amelima huku Mufindi na hajawahi kuona maji makubwa kuliko bwawa. Kila tunapomsimulia habari za ziwa huuliza swali lile lile: maji yote hayo huenda wapi? Tutakuwa watano, yaani mama, mke wangu, mimi na watoto wetu wenye miaka 9 na 13. Tumechagua Matema, kijiji kilicho ufukweni mwa ziwa hilo wilayani Kyela, na tutalala huko siku nne. Mama hutembea vizuri kwenye tambarare, lakini goti la kushoto humsumbua akipanda mlima. Naomba mnieleze ni mambo gani yanayomfaa mtu wa umri wake bila watoto kuchoka kwa kukaa tu, na kama inafaa njiani tupitie Ziwa Ngozi, ambalo wengi wamenisifia.

Mzaliwa wa Ipinda

Mwalimu, shikamoo yangu imfikie mama. Ngozi liache kwa safari nyingine, kwa sababu njia yake hupanda ndani ya msitu mnene wenye utelezi, na ukifika juu bado unalitazama ziwa kutoka kwenye ukingo wa kreta, likiwa mbali chini. Goti hilo halitakusamehe. Mkitoka Mbeya kuelekea Tukuyu, kateni pale Kiwira mkaone Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba uliojipinda na kuvuka Mto Kiwira kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila mkono wa fundi. Nalitaja kwa ajili ya lile swali la mama. Mto ule unaishia ziwani huku kwetu Kyela, hivyo atayaona maji yakipita kwa kelele chini ya jiwe, na kesho yake atayakuta yametandaa mbele ya Matema. Mto Songwe, Mbaka na Lufilyo nayo huingia humo humo. Kisha maji hutokea kusini kabisa, nchini Malawi, kwa Mto Shire, yakajiunga na Zambezi na kuingia Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Mweleze pia kwamba Mto Ruaha Mdogo, unaoanzia huko kwenu Mufindi, hupeleka maji yake katika bahari hiyo hiyo kwa njia ya Mto Rufiji. Nadhani hilo litamfurahisha kuliko yote.

Kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema mtapita katikati ya mpunga, migomba, michikichi na kakao. Simameni mahali mmwombe mwenye shamba awaoneshe, maana mtoto aliyezoea kuona tunda likining'inia kwenye tawi atashangaa kuona kakao imeota kwenye shina lenyewe. Ikipasuliwa, ndani mna mbegu zilizofunikwa na nyama nyeupe yenye utelezi, tamu na chachu kwa pamoja. Wafyonze tu, wasitafune, kwa sababu mbegu mbichi ni chungu.

Dada wa Tukuyu

Umetaja idadi ya siku bila kutaja ni siku zipi, na kwa Matema hilo ndilo jambo la kwanza. Hakikisha Jumamosi inawakuta huko. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, umbali mfupi ufukweni kutoka Matema, ambapo vyungu vya Wakisi, kabila la ufukweni huku, hufika kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vilivyobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone. Wanawake wa Kikisi ndio wanaovifinyanga, na ufundi huo mama humrithisha binti. Nendeni asubuhi, kabla wachuuzi wa kutoka mbali hawajachukua vilivyo bora.

Mwache mama achague mwenyewe. Kiinue chungu kwa mkono mmoja, kisha ukigonge kwa ukucha: kizima hulia kama kengele ndogo, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Tazama pia ndani chini, mahali ambapo moto haukufika sawasawa huonyesha rangi tofauti. Mwaka mmoja nilinunua vitatu, nikakubali viwekwe kwenye buti la basi, na nilipofika nyumbani nilikuta juu yake kumelazwa gunia la mchele. Nililia kweli, kwa kuwa kimoja kilikuwa cha marehemu shangazi aliyeniagiza kabla hajafariki. Vifungeni kwa majani makavu ya mgomba na mvipakate. Mkiweza, siku nyingine nendeni kwa mtumbwi hadi Ikombe yenyewe mkawaone wanawake wakiwa kazini.

Mvuvi wa zamani

Naheshimu maneno ya dada, ila kuhusu mtumbwi naomba tusikilizane. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera huvuma kutoka kusini, na kwa kuwa ziwa ni refu sana, mawimbi huja yakikua mpaka huku kwetu kwenye ncha ya kaskazini. Asubuhi unaweza kuona maji yametulia kama mafuta kwenye sahani, na baada ya adhuhuri ukashindwa kurudi. Upande wa Ikombe mlima hushuka moja kwa moja majini, na ziwa hili kina chake hufikia takriban mita 700, kwa hiyo si mahali pa kujaribu bahati. Atakayekwenda aondoke alfajiri, arudi kabla ya saa tano, na kila mmoja avae jaketi okozi. Kama mwenye chombo hana, msipande. Mama ningemwacha Lyulilo, ambako vyungu vitamfuata mwenyewe. Watoto msiwapeleke kuogelea kwenye mdomo wa Mto Lufilyo, kwani kuna mamba. Jioni kaeni mchangani muone usipa, dagaa wa ziwa hili, wakianikwa, na mkibahatika kupata samaki aina ya mbasa akiwa mbichi, mchemsheni kwa nyanya na kitunguu tu, mle na wali wa Kyela.

Muuguzi

Naongeza mawili kwa sababu mnatoka Mafinga. Kwanza, watu wa maeneo ya baridi hawakuzoea malaria kama wenyeji wa Kyela, kwa hiyo chandarua kwa wote watano ni lazima, na mtu akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe mara moja na amweleze daktari kwamba alikuwa ziwani. Pili, kichocho kipo. Ogeleeni kwenye ufuko wa mchanga ulio wazi wenye mawimbi, mbali na matete na maji yaliyotuama ambako konokono hukaa, na baada ya miezi miwili au mitatu wapelekeni watoto wakapimwe, kwa kuwa kipimo cha mapema sana huweza kukosa kuonyesha.

Mwalimu wa Mafinga

Nawashukuru wote, au niseme *ndaga fijo*, kama nilivyofundishwa na jirani yangu Mnyakyusa. Tutalala Tukuyu Jumatano baada ya kuona Daraja la Mungu, tufike Matema Alhamisi, na Jumamosi tuwe Lyulilo mapema. Ikombe nitakwenda mimi na kijana wangu wa miaka 13, alfajiri ya Ijumaa, endapo upepo utaruhusu. Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu. Habari ya Ruaha Mdogo na Rufiji aliniomba niirudie mara mbili, kisha akaniagiza chungu cha kuchemshia maharage, kisichozidi lita nne, chenye mdomo mpana ili mwiko uzunguke vizuri.

Dada wa Tukuyu

Mwambie mama achukue pia mkungu wa kufunikia, wauzaji huwa nayo pembeni. Akifika nyumbani achemshe kwanza uji mzito ndani ya chungu hicho na kuumwaga, ndipo apike maharage.