Tupeane uzoefu: wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri (moyo kushindwa), na vidonge vyao vya kupunguza mapigo

Binti wa Bi Mkubwa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wapendwa. Wenye wagonjwa wa moyo nyumbani, na nyie wenyewe mnaomeza dawa, naomba tukae kwenye huu uzi tuelezane.

Mama yangu ana miaka 63. Presha anayo tangu mimi nikiwa sekondari, na dawa alikuwa anameza siku kichwa kikimuuma tu, kikitulia anaacha. Mwaka jana akaanza kukohoa usiku. Tukajua ni kifua, tukanunua dawa ya kikohozi chupa tatu. Ikafika hawezi kulala bila mito miwili, kisha mitatu, mwisho akawa analala amekaa kwenye kochi la sebuleni. Miguu ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kikaonyesha moyo umetanuka na unasukuma damu kwa asilimia 28 tu.

Akapewa dawa ya kukojoa, dawa ya presha, na kavediloli, ndiyo hiyo ya kupunguza mapigo, ya miligramu 3.125 asubuhi na jioni, ameze akishakula. Wiki ya pili akaanza kulalamika: mwili mzito, kizunguzungu akisimama, mikono baridi. "Mwanangu, hii dawa inanimaliza." Nikamwambia avumilie, akasema sawa.

Siku nafua nguo zake nikakuta fundo kwenye pindo la kanga. Nikafungua. Vidonge kumi na tisa. Alikuwa anakunywa maji mbele yangu, kidonge anakibana shavuni, kisha anakifunga pale. Wiki ileile maji yakamjaa tena, tukalala hospitali siku sita.

Sikumkaripia. Yeye alikuwa anajiokoa kwa alivyoona. Nataka kujua kwenu: mgonjwa alizoea baada ya muda gani? Na hizi dawa ni sawa kwa mzee, kwa mwenye pumu, mwenye kisukari, mama aliyejifungua? Maana kliniki foleni ni ndefu, dakika za kuuliza hazitoshi.

Mtu wa Nakuru

Pole sana dada, na mama apate nafuu. Wetu ni mzee wa miaka 74. Yeye alianzishiwa bisoprololi, nayo ni ya kupunguza mapigo, miligramu 1.25, ikawa inaongezwa kila baada ya wiki mbili akionekana yuko sawa. Mwezi wa kwanza alikuwa amechoka kuliko kabla ya dawa, hilo sitakuficha. Mwezi wa pili akaanza kutembea hadi kwa lango. Mwezi wa nne akaenda mwenyewe kukama ng'ombe.

Shida ilikuja walipompandisha kutoka 5 hadi 7.5. Mapigo yalishuka hadi 46, akaanguka zizini, ndoo ikamwagika. Daktari akamrudisha kwa 5 na hajawahi kupandishwa tena. Mimi nilidhani tumeshindwa. Daktari akaniambia dozi anayoivumilia mzee wako ndiyo dozi yake, na kidogo kinachomezwa kila siku kinamsaidia kuliko kikubwa kinachoachwa. Tulinunua mashine ya kupima presha, ile ya mkononi, inaonyesha na mapigo. Naandika kwa daftari kila asubuhi.

Nesi wa Kliniki

Nafanya kazi kliniki ya moyo mwaka wa nane sasa. Hicho kisa cha kanga nimekiona kwa sura nyingi: vidonge kwenye kopo la sukari, vidonge chini ya godoro. Karibu kila mara ni hii hii dawa ya mapigo, kwa sababu ndiyo hasa inayomfanya mtu ajisikie vibaya kwanza. Dawa ya kukojoa inampa raha siku ileile. Hii inadai subira ya wiki na miezi.

Wagonjwa wangu nawaeleza hivi. Moyo ukichoka, mwili unaushtua kwa adrenalini, ile homoni ya mshtuko, usiku na mchana. Mchukulie msukuma mkokoteni aliyechoka: ukimpigia kelele atakimbia hatua hamsini, kisha anaanguka. Beta-bloka, yaani hizi dawa za kupunguza mapigo, inamnyamazisha anayepiga kelele. Mtu aliyezoea kukimbizwa, kelele zikikata anajiona hana nguvu. Lakini ndani moyo unapumzika, na ukipumzika muda mrefu, kuna mioyo inayorudi kusinyaa na kusukuma vizuri zaidi.

Na si maneno ya faraja. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja la bisoprololi kwa wagonjwa zaidi ya 2,600, jingine la metoprololi kwa karibu 4,000. Yote mawili yalionyesha vifo vinapungua kwa kama theluthi moja. Mwaka 2001 kavediloli ikaonyesha hivyo hivyo kwa wagonjwa wenye hali mbaya zaidi. Hizo tatu ndizo zenye ushahidi mzito, na metoprololi hapo ni ile ya sakisineti inayotoka polepole, mara moja kwa siku. Ile ya tatreti ni aina nyingine ya dawa hiyohiyo, soma jina kwenye boksi.

Mambo mawili nayasisitiza. Haianzishwi mgonjwa akiwa bado amejaa maji. Maji yatoke kwanza, ndiyo dawa iingie kwa dozi ndogo. Na haikatwi ghafla. Ukiikata, ile adrenalini iliyokuwa imezuiwa inaurudia moyo kwa kasi. Kama inakusumbua njoo tuipunguze pamoja.

Mama Watatu

Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Nina miaka 31. Nilijifungua mtoto wa tatu salama kabisa, wiki ya tano nikaanza kukosa pumzi nikipanda ngazi tatu za barazani. Mama mkwe akasema ni uchovu wa uzazi. Mimi nikaamini, nani hachoki na mtoto mchanga? Usiku mmoja nikawa nanyonyesha nimesimama dirishani, maana nikikaa nazama. Zahanati ya kwanza walinipa dawa ya nimonia. Ya pili wakanipeleka kupima moyo: asilimia 25.

Kumbe upo ugonjwa wa moyo wa uzazi, unaotokea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi kama miezi mitano baada ya kujifungua, na kwetu Afrika si wa nadra. Kina mama wenzangu, kukosa pumzi ukilala chali si uchovu wa uzazi. Nendeni mpimwe.

Mimi nilipewa metoprololi kwa sababu bado nilikuwa nanyonyesha, na dawa nyingine. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nalia. Mtoto analia, mimi nalia, mikono haina nguvu ya kukamua nguo. Baada ya miezi kumi na moja eko ikasoma asilimia 52. Daktari alinishika mkono akaniambia wazi, mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa, usibebe kabla hatujakaa mimi, wewe na mume wako. Nimeweka kijiti cha kuzuia mimba. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni nilikatazwa. Mume wangu alikuja kliniki siku hiyo akasikia kwa masikio yake, na ndiye aliyemweleza mama yake. Hilo limeniokoa maneno mengi.

Mgosi wa Pangani

Pole bibie. Miye nina pumu ya tangu utotoni, ila ilikaa miaka kumi bila kunisumbua, basi nilipoulizwa kama nina maradhi mengine nikajibu sina. Nikapewa kavediloli. Usiku wa tatu kifua kikafunga, nikawa napiga filimbi hadi jirani akaamka. Kosa langu hilo, nalisema ili mwingine asilirudie.

Nilielezwa kwamba kavediloli inazuia vipokezi, yaani sehemu zinazopokea adrenalini, vya moyo na vya mapafu pia, ilhali bisoprololi na metoprololi huelemea zaidi kwenye moyo. Wakanianza upya na bisoprololi ya dozi ndogo kabisa, nikiwa palepale wananiangalia, bomba langu la pumu mfukoni. Namshukuru Mungu, mwaka wa pili huu. Bwana niliyekuwa naye wodini alikuwa na mapafu yaliyoharibika kwa sigara, yeye naye anameza bisoprololi bila taabu. Basi mtu asikatazwe moja kwa moja kwa sababu ya kifua, na wala asifiche.

Kijana wa Insulini

Kwa wenye kisukari: baba anachoma insulini. Zamani sukari ikishuka alikuwa anatetemeka na moyo unamwenda mbio, tunajua mara moja. Tangu aanze hizi dawa, kutetemeka na mbio za moyo vimefunikwa. Kilichobaki ni jasho. Siku moja tulimkuta amelowa shati, anaongea maneno yasiyoeleweka, sukari 2.6. Sasa akitoka jasho bila sababu tunampima hapo hapo.

Niko Göteborg

Nawasoma nikiwa kazini, nalea wazee huku Uswidi. Nimeguswa kwa sababu dawa hii kwa wagonjwa wa moyo kushindwa ilianzia mji huu huu. Mwaka 1975 daktari Finn Waagstein na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa saba waliotanuka moyo waliowapa beta-bloka na wakapata nafuu. Wakati huo vitabu vya udaktari vilikataza kabisa: moyo umechoka, utaupunguzaje kasi? Ilichukua zaidi ya miaka ishirini ulimwengu kukubali. Kwa hiyo mama wa dada yetu asionekane mjinga. Hata madaktari waliiogopa kwa sababu ileile aliyoiogopa yeye.

Nina swali kwa nesi. Kuna jamaa huku aliniambia dawa hizi kwa sisi watu weusi hazifanyi kazi. Ni kweli?

Nesi wa Kliniki

Swali zuri, na naomba watu walisome jibu vizuri kwa sababu hilo neno linaacha watu wengi bila dawa.

Ipo beta-bloka iitwayo busindololi iliyojaribiwa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 2,700. Matokeo yalichapishwa 2001: Wamarekani weusi hawakuonekana kufaidika. Habari ikaenea kana kwamba ni beta-bloka zote. Lakini mwaka huohuo ukatoka uchambuzi wa jaribio la kavediloli la hukohuko Marekani, wagonjwa weusi 217 kati ya 1,094, na faida yao ilifanana na ya weupe. Busindololi si dawa tunayowapa hapa.

Tofauti yetu kubwa ipo kwenye umri na chanzo. Utafiti mmoja wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa 2012 uliwafuatilia watu 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa: wastani wa umri miaka 52, na chanzo kikuu presha. Ulaya hao wangekuwa wazee wa miaka sabini. Huku kwetu ni baba mwenye watoto wa shule. Ndiyo maana nachukia nikisikia mtu wa miaka 45 kaachishwa dawa na maneno ya kijiweni.

Kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, uchambuzi wa 2014 uliokusanya majaribio kadhaa haukuona vifo vikipungua kama kwa wengine. Wengi bado wanapewa ili kasi ya moyo ishuke, kwa hiyo nao wasiache. Na yule ambaye moyo wake unasukuma vizuri ila umekakamaa, faida si ya wazi hivyo. Ndiyo maana tunasisitiza eko kabla ya kuandika dawa.

Dereva wa Usiku

Nitasema la wanaume. Nina miaka 48. Nilipoanza dawa, nguvu za kiume zikapungua. Nikaona haya kusema kliniki, nikaanza kuruka siku. Miguu ikavimba. Nilipomwambia daktari wa kiume peke yetu, hakucheka. Alipitia dawa zangu zote, akabadilisha moja ya presha na kunipangia muda wa dozi, mambo yakarudi kiasi. Nyingine ni moyo wenyewe, alisema, ukiwa dhaifu na hilo linadhoofika. Mke wangu sasa anajua kila kitu.

Halafu muwe makini na maduka ya dawa. Duka moja walikosa bisoprololi, wakanipa atenololi, "ni familia moja hizi". Niliimeza wiki tatu. Kliniki wakaniambia atenololi si kati ya zile tatu alizozitaja nesi. Siku hizi nanunua siku kumi kabla hazijaisha, nipate muda wa kuzunguka.

Binti wa Bi Mkubwa (mwanzisha uzi)

Nimewasoma wote, na nyingine nimemsomea mama kwa sauti. Ya Mama Watatu aliomba niirudie. Ya Göteborg alinyamaza kidogo, akauliza, "Hata madaktari?" Nikamwambia hata madaktari.

Tumekubaliana hivi: kidonge anameza akishamaliza uji, mimi nimekaa naye, na kizunguzungu anakaa kwanza kitandani mpaka kitulie ndiyo asimame. Hajapandishwa dozi bado, daktari anasubiri. Uzito tunapima kabla ya chai, ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu nimeambiwa nipige simu. Nimenunua daftari kama la mzee wa Nakuru. Leo ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: kilo 61.5, mapigo 68, mito miwili.