Ulezi wa wajane wapya usharikani unakufa mwezi wake wa tatu. Tunakosea wapi?

Katibu_Wanawake aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu una wajane 14 waliofiwa ndani ya miaka miwili, wengi wana watoto wadogo. Tumewapa mama walezi 5, wote wajane wa siku nyingi. Mwanzo huwa moto, ikifika mwezi wa tatu ziara zimekwisha, na wawili sasa wanakwenda kwa "nabii" anayeuza mafuta na maji. Mpangilio uweje? Waanze na maandiko gani? Na mirathi, mlezi aiguse au aiache? Tafadhali msiniambie "tuwaombee". Hilo tunafanya tayari.

MamaMlezi:

Mama Katibu, hesabu yenyewe inakataa. 14 kwa 5 ni karibu watatu kwa kila mlezi, na mama mwenye shamba, wajukuu na kwaya hawawezi watatu. Mpe mmoja, wawili ikibidi sana. Waliozidi tafuteni walezi sharika za jirani.

Mlezi awe amefiwa si chini ya miaka mitatu iliyopita. Asiwe wifi wala ndugu wa marehemu, maana siku ya kikao cha ukoo atakaa upande gani? Na asiwe anamdai mjane hela.

Ziara ziwe kila wiki mpaka mwezi wa tatu, kila wiki mbili mpaka wa sita, kisha mara moja kwa mwezi hadi mwaka utimie. Tarehe ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza. Ulezi usio na mwisho ndio unaokufa: mlezi anachoka, anaona aibu kuaga, anaanza kukwepa simu. Nje ya ratiba ongezeni Januari shule zinapofunguliwa, Krismasi ya kwanza na tarehe aliyofariki mume.

Kosa kubwa ni saa. Walezi huenda saa 4 asubuhi, mjane yuko gengeni. Saa ngumu ni ile jioni ya kupakua, sahani zimepungua moja. Fika saa 11, menya naye viazi, ondoka kabla giza halijakolea. Uliza kitu chenye jibu: jana umelala saa ngapi, watoto wamekula nini. Ukiuliza "unaendeleaje" utajibiwa "namshukuru Mungu", na mazungumzo yameishia hapo. Sala iwe fupi, mwishoni.

Akikaa wiki mbili bila kula wala kulala vizuri, mpelekeni hospitali. Akitamka kwamba anataka kumfuata mumewe, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Hilo si la kuwekea mfungo kwanza.

Mtumishi_Kijijini:

Kuhusu maandiko: msianze na ushindi. Anzeni na Zaburi 13. Ina mistari sita tu, na "hata lini" imo mara nne. Mjane akigundua kwamba swali lake limo ndani ya Biblia, anaacha kudhani kulalamika ni kukosa imani. Akiweza, asome na ya 88, ambayo haimalizikii kwa shangwe hata kidogo.

Kisha Ruthu sura ya 1. Naomi anarudi Bethlehemu anasema aitwe Mara, kwa sababu Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Tazameni wanawake wa mji waliompokea: hakuna aliyemkemea, wala hakuna aliyemwambia Mungu ana makusudi. Walezi wafundishwe hilo kabla ya jambo lolote. Ulezi wenyewe msingi wake ni Tito 2:3-5, wanawake wazee wawafunze vijana.

Luka 18 isomwe mwezi wa nne au wa tano wa ulezi. Yule mjane wa mfano wa Yesu hakukaa nyumbani akisubiri. Alimwendea kadhi mara kwa mara kudai haki yake. Kwa hiyo mirathi haiko nje ya imani, Mama Katibu.

Kwa wale wawili wa mafuta, msiwasute hadharani. Someni nao 2 Wafalme 4:1-7. Nabii Elisha hakumuuzia mjane mafuta. Alimuuliza ana nini nyumbani, na mafuta yalikuwa ya mjane mwenyewe. Akaambiwa auze, alipe deni kwanza, kinachobaki aishi nacho yeye na wanawe.

Na 1 Timotheo 5:11-13, panapowalaumu wajane vijana kwa uvivu na umbeya, isitumike kama fimbo kwao. Mstari wa 14, Paulo huyo huyo anasema anapenda waolewe.

Mirathi_Bongo:

Mlezi aiguse, ila asijifanye wakili. Ajue kwanza Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 68: mjane yuko huru kuishi atakapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata mila ikisema vingine. Kurithiwa na shemeji si wajibu wake.

Kazi ya mlezi ni bahasha. Cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali wa usajili), cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati au mkataba wa kununulia kiwanja, kadi ya benki na ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Nakala zikae nje ya nyumba ile. Muhtasari wa kikao cha ukoo uwe na majina na saini za waliohudhuria. Mjane asisaini karatasi tupu, wala aliyosomewa tu msibani.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo, ulizeni masijala kabla ya kufungua, maana hoja kwamba mahakama hiyo haina mamlaka inaweza kuangusha shauri baadaye. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Msimamizi si mrithi. Shemeji wengi hujisahau hapo.

Katibu_Wanawake:

Mbarikiwe. La mwisho: walezi wanaombwa mikopo.

MamaMlezi:

Mlezi asikopeshe, hata 5,000. Siku deni likichelewa, mjane atajificha chumbani mkibisha hodi. Mpelekeni kwenye VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) iliyosajiliwa halmashauri, yenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu tofauti. Anunue hisa miezi sita ya kwanza bila kukopa. Rambirambi iandikwe daftarini siku ile ile, na ada ya muhula unaofuata itengwe kabla shemeji hajaja na wazo la biashara.