Maji mekundu kutoka shimo la zamani la dhahabu, chokaa itasaidia?

Wakuu, huku Geita mvua ikinyesha shimo linatapika maji ya rangi ya kutu mpaka kijitoni, mawe yameshika utando wa chungwa na vyura wameisha. Hela hatuna, tuanzie wapi?

Fundi_Maji: Pole sana mkuu. Pimeni pH (kipimo cha asidi) kwanza, ikiwa chini ya 4 maji hayo yana asidi kali. Chimbeni mtaro wa mteremko mkali mjaze mawe ya chokaa, asidi inapungua chuma kinaganda, ila mawe yakivikwa kutu nguvu inaisha, lazima myageuze geuze.

MamaShamba: Mwishoni wekeni bwawa la samadi na matete, bakteria wa topeni wanageuza salfeti (chumvi ya salfa iliyomo kwenye maji hayo) kuwa salfaidi, aina nyingine ya salfa inayonasa madini ya shaba na zinki. Hilo tope msipeleke shambani jamani!

Muulizaji: Yakiwa meupe tunaweza kunywa?

Fundi_Maji: Hapana kabisa, aseniki ni sumu na haionekani kwa macho, maabara kwanza.