Mrejesho: Safari ya Colombo kwa bajeti ndogo

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa kutembelea Colombo, Sri Lanka, kwa fedha kidogo, na leo narudi kuwashukuru kwa dhati.

Ushauri uliozaa matunda zaidi ni wa treni. Kutoka stesheni ya Fort nilipanda daraja la tatu hadi Mount Lavinia, kitongoji cha pwani kusini mwa jiji, na kwa kuwa reli inapita kando kabisa ya bahari, nilisimama karibu na mlango ulioachwa wazi huku upepo wa chumvi ukinipiga usoni, kwa nauli ndogo mno. Jioni, kwenye uwanja wa wazi wa Galle Face Green ulio kando ya bahari, nilikula bajia za dengu zilizopambwa kwa kamba wazima waliokaangwa na maganda yao. Nilirudia siku tatu mfululizo.

Kwenye bajaji nilikwama: sikupatana bei kabla ya kupanda, kama mlivyonionya, nikalipa karibu mara mbili. Aidha, siku niliyotenga kwa soko la Pettah iliangukia Poya, sikukuu ya mwezi mpevu, nikakuta maduka mengi yamefungwa. Atakayefuata aangalie kalenda kwanza.

Asanteni sana.