Mnahesabu vyumba, chakula chetu mnakifukuza: malalamiko kuhusu upangaji wa mitaa ya mijini

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila mradi mpya wa makazi ya mijini unapotangazwa, tunatajiwa idadi ya nyumba, idadi ya ghorofa na upana wa barabara, lakini hakuna anayetueleza wakazi watapikia wapi, watanunua wapi vyakula vyao, na yule anayerudi kazini usiku akiwa hana nguvu ya kuwasha jiko atakula kwa nani. Watu wakishahamia na kuanza kujitafutia majibu wenyewe, huyu akifungua genge kwenye kona, yule akiinjika sufuria kwenye korido, wanaitwa wavunja sheria na wachafuzi wa mji. Malalamiko yangu nayaelekeza kwa mamlaka za miji na kwa wataalamu wanaozigongea mhuri ramani hizo, kwa sababu vurugu wanayoilaani mitaani imeanzia kwenye karatasi zao.

Nianze na chumba. Wapangaji wengi wa mijini, katika nchi nyingi, wanaishi kwenye chumba kimoja ambamo wanalala, wanatunza nguo, wanalea watoto na kupika. Mwenye nyumba akikataza kupika ndani kwa kuogopa moto na masizi, mpangaji hutoka na jiko lake hadi mlangoni au chini ya ngazi, ambako moshi unaingia kwa jirani, mvua inamkuta, na mtoto anayepita mbio anaweza kumwagikiwa na maji ya moto. Asipokatazwa, hufunga mlango akapika kwa mkaa au mafuta ya taa hatua mbili kutoka kitandani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na nishati za kupikia zenye moshi, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Tunahimizwa kubadilisha majiko, na majiko bora ni jambo jema ambalo silipingi, lakini sijasikia mchoraji wa nyumba za kupangisha akiulizwa kwa nini chumba alichokichora hakina tundu la kutolea moshi, hakina bomba la maji, wala mahali salama pa kuweka mtungi wa gesi.

Wala wasituambie kwamba nafasi haitoshi. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni chumba cha jiko kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani, chenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alichunguza mwendo wa mtu anayepika, hatua zake kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko la kupikia na kutoka hapo hadi kabatini, kisha akapanga kila kitu kiwe karibu na mkono. Vyumba vya jiko vya aina hiyo vipatavyo 10,000 vilijengwa. Nchi ile ilikuwa imeshindwa vita, fedha zilikuwa haba na upungufu wa nyumba ulikuwa mkubwa, lakini alipatikana mtu aliyekaa akahesabu hatua za mpishi. Leo, karibu miaka mia moja baadaye, tunakabidhiwa chumba chenye kuta nne na soketi moja ya umeme, na tunatakiwa tushukuru.

Jambo linaloniudhi zaidi ni jinsi wataalamu wa mipango miji wasivyoelewa namna mtu wa kipato kidogo anavyonunua chakula. Asiye na jokofu hawezi kununua mboga za wiki nzima, na anayelipwa kwa siku hawezi kununua gunia la nafaka hata kama anajua kwamba kwa gunia kila kilo ingekuwa rahisi zaidi. Hununua mafuta ya kupimiwa, sukari ya kupimiwa na nyanya za mlo mmoja, na kwa hesabu hiyo hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko tajiri anayejaza buti la gari. Ununuzi wa namna hii unafanyika kila siku, mara nyingi jioni, kwa miguu, na mara nyingine kwa mkopo wa muuzaji anayemfahamu mnunuzi kwa sura na jina. Ukilihamisha genge kutoka kwenye kona na kulipeleka kwenye soko jipya linalohitaji nauli ya kwenda na kurudi, umempandishia mkazi huyu bei ya chakula, ingawa hakuna bidhaa hata moja iliyobadilishwa bei, na umemfungia ule mkopo uliokuwa ukimvusha kabla ya malipo. Duka kubwa lenye maegesho ya magari, ambalo siku hizi ndilo linalooneshwa kwenye picha za miradi, halimkopeshi mtu mafuta ya kupimiwa.

Ndiyo maana ninakasirika ninapoona askari wa manispaa wakimwaga vyungu vya mama lishe. Kunde kavu huchukua muda mrefu kuiva, na mtu aliyetoka nyumbani alfajiri akarudi giza limeingia hana muda huo, wala hana fedha za nishati ya kuchemsha sufuria moja kwa muda wote huo. Mama lishe huchemsha chungu kimoja kwa watu hamsini, na gharama ya moto ikagawanyika miongoni mwao. Anayemfukuza amelifunga jiko la mtaa mzima, kisha anakwenda kula mezani kwake.

Fikra za kutenganisha makazi na biashara zina historia, na mwanzoni zilikuwa na hoja. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ilikubali kwamba mamlaka inaweza kugawa ardhi kwa matumizi na kuzuia viwanda na biashara kuingia kwenye maeneo ya makazi. Hakuna anayetaka tanuri la kiwanda chini ya dirisha la mtoto. Mwaka 1933 mkutano wa kimataifa wa wasanifu majengo wa kisasa ukauelezea mji kwa shughuli nne, yaani kuishi, kufanya kazi, kujiburudisha na kusafiri, na kila shughuli ikatakiwa iwe na eneo lake. Soko halikupewa nafasi yake katika zile nne. Jane Jacobs, mwandishi ambaye hakuwa na shahada ya mipango miji, alipinga fikra hizo waziwazi mwaka 1961, akieleza kwamba mtaa wenye nyumba na maduka kwa pamoja huwa na watu nje kwa saa nyingi na hivyo huwa na macho ya kuulinda. Nchini Japani sheria imechukua njia ya busara zaidi, kwani hata katika daraja la makazi lenye masharti makali kuliko yote, nyumba inaruhusiwa kuwa na duka dogo lisilozidi mita za mraba 50. Kwa nini basi miji mingine mingi inaendelea kulichukulia duka la mboga kama tanuri la kiwanda?

Pale fikra hizi zinapopewa mabuldoza, matokeo yake yanajulikana. Mei 2005 serikali ya Zimbabwe ilianzisha Operesheni Murambatsvina, iliyobomoa nyumba na vibanda vya wachuuzi mijini kwa pamoja. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania Anna Tibaijuka, aliyekuwa akiongoza shirika lake la makazi, na ripoti yake ya Julai mwaka huo ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Sielewi jinsi mtu anavyoweza kuisoma ripoti ile kisha akasimama mbele ya kamera kujisifu kwamba ameusafisha mji.

Najua jibu litakalokuja kwenye uzi huu, kwamba wachuuzi ni wachafu na wanaziba njia. Uchafu unatokana na kukosa maji, mtaro na pipa la taka, na vyote hivyo ni wajibu wa mamlaka hiyo hiyo inayokusanya ushuru kila asubuhi. Singapore, ambayo shirika lake la nyumba za umma liliundwa mwaka 1960 na sasa lina wakazi takriban wanane katika kila kumi wa nchi hiyo, iliwaondoa wachuuzi wa chakula barabarani, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Lakini iliwajengea vituo vyenye maji, umeme na mifereji, vingi vikiwa karibu na nyumba za watu, na mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni wa vituo hivyo kuwa urithi wa binadamu. India nayo ilitunga sheria mwaka 2014 inayotaka wachuuzi wahesabiwe, wapewe vyeti, na wawe na angalau asilimia 40 ya wajumbe katika kamati za miji zinazoamua maeneo yao ya biashara. Utekelezaji wake umesuasua katika miji kadhaa, lakini angalau mchuuzi ana karatasi ya kuipeleka mahakamani.

Ninachodai ni hiki. Ramani ya mtaa mpya isiidhinishwe kabla haijaonesha mahali pa kununulia chakula panapofikika kwa miguu na mtu mwenye mtoto mgongoni, na nyumba ya kupangisha isipewe kibali kama haina mahali pa kupikia penye hewa na maji, hata kama ni pa kushirikiana wapangaji wanne. Mchuuzi asiondolewe kabla eneo mbadala halijakamilika, likiwa na bomba linalotoa maji na si bomba la kwenye mchoro. Na katika kamati inayoamua mambo hayo wakae mpangaji wa chumba kimoja na mama lishe, wenye kura, wala si waalikwa wa kupiga picha.

Wenye nakala za ramani za mipango ya mitaa yao naomba waziweke hapa, waoneshe soko limepangiwa wapi na mkazi wa nyumba ya mwisho anatembea umbali gani kulifikia. Wanaofanya kazi katika idara za mipango miji ninawakaribisha pia, lakini waje na maelezo ya kwa nini wanazipitisha ramani za namna hii, si na taarifa kwa vyombo vya habari.