Mtoto ameongeza mita katika kipimo cha kutembea: ni dawa au ni urefu?

MamaWaTanga: Habari zenu, ndugu. Binti yangu ana miaka 9 na anatibiwa shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu. Mwaka jana, katika kipimo cha kutembea kwa dakika 6, alifika mita 410, na mwezi huu amefika 445. Baba yake amefurahi, lakini mimi naona mtoto amerefuka sana, na ngazi za shuleni bado zinamlazimu kusimama katikati avute pumzi. Je, ongezeko hili tulichukulieje?

Mfiziotherapia: Mama, hongera kwa kumfuatilia mtoto kwa karibu. Mtoto akirefuka hatua yake nayo hurefuka, hivyo hata asiye na ugonjwa wowote huongeza mita kadiri anavyokua. Ndiyo maana umbali wake hulinganishwa pia na wa watoto wenye afya wa umri, jinsia na kimo chake. Uliza vilevile alitembelea wapi. Mwongozo wa American Thoracic Society wa mwaka 2002 unataka njia tambarare ya mita 30, kwa sababu katika korido fupi mtoto hugeuka mara nyingi na kila kona humla muda. Hata maneno ya kumtia moyo yamepangwa, na mzazi akitembea kando yake akimhimiza, matokeo hayalinganishiki tena.

BabaJunior: Wetu ana miaka 5. Alifika katikati ya korido akakaa chini kuchezea koni, na daktari akatuambia mita hizo hazitegemewi, akaegemea zaidi kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), uzito wake na maelezo yetu ya jinsi anavyocheza.

Daktari wa watoto: Alivyofanya daktari huyo ni sahihi. Kwa binti wa miaka 9 kipimo kinafaa, ila mita peke yake hazitoshi: anayefika 445 huku oksijeni ya damu ikishuka kutoka 96 hadi 84 kwa mia hayuko sawa na anayemaliza akiwa na 95. Upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwenye mishipa iliyobana, kwa hiyo misuli inapodai damu zaidi, kama kwenye ngazi, moyo unashindwa kuiongeza inavyotakiwa, na korido tambarare inaweza isilionyeshe hilo. Baiskeli ya mazoezi yenye barakoa ya kupima hewa hueleza zaidi, mradi miguu ifikie pedali na hospitali iwe na mtambo huo. Habari ya ngazi mpelekee daktari wake bila kuchelewa, maana inaingia katika kumpanga kwenye madaraja 4 ya ugonjwa; na kama mtoto amewahi kuzirai akikimbia, daktari aelezwe kabla ya kipimo chochote. Nyumbani msimjaribu kwa kumkimbiza.

MamaWaTanga: Asanteni sana. Nimefungua daftari la kliniki: kimo kimetoka sentimita 124 hadi 131, na oksijeni imeandikwa ya kabla ya kutembea tu. Nitawapigia kesho kuwaeleza habari ya ngazi na kuulizia oksijeni ya mwisho wa kutembea.